Nanunua gitaa la umeme la solo: dukani nitajuaje lenye sauti nzuri?

MtuWaKwaya
Wakuu, habari za jioni. Kwaya yetu hapa Tabata imechangishana, na mimi ndiye niliyetumwa kununua gitaa la solo. Bajeti ni laki saba. Kupiga napiga, ila nimekulia kwenye gitaa kavu. La umeme nimekuwa nikiazima tu kwenye mikutano.

Jana nilipita Kariakoo kuchungulia bei. Muuzaji akachukua moja jekundu, akalichomeka kwenye amplifaya kubwa na kupiga kidogo, watu wa nje wakageuka. Akachomeka jingine la bei ya juu, likasikika limelala kabisa. Nimetoka pale sijui niamini masikio au niamini bei. Wenye uzoefu, gitaa mnalipimaje pale pale dukani, mmesimama, muuzaji kawakodolea macho? Naenda tena Jumamosi.

solo_la_pili
Yamaha Pacifica, mjadala ufungwe. Zipo sokoni tangu 1990 na bado zinatoka. Usijichoshe.

MtuWaKwaya
Mkuu, hizo nimeziona. Zilikuwa mbili za aina moja na hazikulia sawa. Ndiyo maana nauliza namna ya kupima, jina nitalijua tu.

FundiWaFreti
Mtoa mada umeuliza swali zuri. Mimi kazi yangu ni kutengeneza magitaa, kwa hiyo ninayoyaona ni yale yanayoletwa wiki moja baada ya kununuliwa, mwenye nalo kanuna. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Hilo jekundu nabashiri lilikuwa na pikapu (vile vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi) za hambaka, zile pana zenye koili mbili, na lililolala lilikuwa na pikapu nyembamba za koili moja. Hambaka kwa kawaida inatoa umeme mwingi zaidi. Muuzaji asipogusa nobu ya amplifaya, lenye hambaka linasikika kwa nguvu, na sikio la binadamu kitu kikilia kwa nguvu linakiona kizuri. Mwaka 1933 watafiti wawili wa maabara za Bell kule Marekani, Fletcher na Munson, walilipima jambo hili: sauti ikiwa ndogo, masikio yetu hayazipati vizuri besi na zile za juu, ukiikuza, zinarudi, na wewe unasema "hili limejaa". Halijajaa chochote. Limekuzwa tu.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla hujalinganisha magitaa mawili, hakikisha yanalia kwa nguvu sawa. Lenye kelele lipunguzwe kwenye amplifaya, usikilize upya. Mwambie muuzaji azime mwangwi, azime distosheni (ule mkwaruzo wa kusudi), atoe pedali zote, na nobu za besi, kati na juu azirudishe katikati. Kwenye gitaa lenyewe nobu zote zifunguliwe mpaka mwisho. Mwangwi unaficha mengi: noti inayokufa mapema inaongezewa mkia, mkono mzito unasikika mwepesi. Ukiona muuzaji hataki kuuzima, hilo nalo ni jibu.

Halafu kuna kitu ambacho hakuna aliyekuonyesha. Gitaa la umeme lipige kwanza bila kulichomeka. Kaa kona yenye utulivu, weka sikio karibu na bodi, piga kila uzi kwenye kila freti (vile vyuma vyembamba vilivyopangwa kwenye shingo), polepole, kuanzia chini mpaka juu. Ndiyo, kila freti. Ni dakika chache tu. Unasikiliza noti inayopiga kelele ya chuma, noti inayokufa haraka kuliko jirani zake, na sehemu ambapo freti mbili zinatoa sauti ileile kwa sababu moja imeinuka. Haya amplifaya haiyatibu.

muuza_vyombo
Mimi niko upande wa pili wa kaunta, niwaeleze na ya kwetu. Mteja akija na utaratibu wa fundi hapo juu Jumamosi saa saba mchana, hatapimiwa. Si kwa ubaya. Duka limejaa, kuna mtu anajaribu kinanda, kuna mtoto anapiga ngoma, na huyo wa ngoma hanunui. Njoo asubuhi ya katikati ya wiki, nitakupa kiti na amplifaya yoyote utakayo.

Na nyuzi za dukani msizihukumu. Gitaa limetoka kiwandani na nyuzi zake, limekaa kwenye kontena, limekuja kuning'inia ukutani kwenye hewa yetu ya bahari. Zimeshapata kutu kabla hujafika. Siwezi kubadilisha seti nzima kwa kila anayekuja kuangalia, bei yangu ingepanda. Ila ukiwa serious, nunua seti moja hapohapo, tukufungie kwenye lile unalolitaka, ndipo ulisikilize. Usipolichukua, basi nyuzi zimebaki kwangu na tumeelewana.

254_rizimu
Huyo muuzaji ni mtu mzuri. Hapa Nairobi kuna duka niliambiwa nikigusa nyuzi nimenunua 😂 Nikaondoka.

Swali kwa fundi: nyuzi zikiwa zimezeeka, hiyo test ya kupiga kavu itanisaidia kweli?

FundiWaFreti
Kwa kelele za freti na noti zinazokufa, itasaidia. Kwa ulinganifu wa noti, yaani gitaa kusema kweli chini mpaka juu, nyuzi zilizooza zitakudanganya.

Kipimo chenyewe mnakijua wengi. Freti ya 12 iko katikati ya uzi. Gusa uzi juu yake bila kuukandamiza, ukitoa ule mlio mwembamba, kisha ukandamize freti hiyohiyo na upige kawaida. Tyuna ya simu, ile programu ya kupimia noti, ioneshe noti moja, sindano mahali pamoja. Ya kukandamiza ikizidi, kitandiko cha uzi huo kwenye daraja (pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi) kirudishwe nyuma. Ikipungua, kisogezwe mbele. Ni kazi ya bisibisi. Kwa hiyo gitaa jipya likiwa nje kidogo, usiliache kwa sababu hiyo. Liache kama kitandiko kimeshafika mwisho wa skrubu na bado noti haijakaa.

Na hapa ndipo ningependa mtoa mada aelekeze akili yake yote. Dukani tenganisha kinachobadilika na kisichobadilika. Nyuzi zinabadilika. Urefu wa nyuzi kutoka kwenye shingo unabadilika. Nobu inayokwaruza inasafishwa kwa dawa ya kupuliza. Pikapu inatolewa, inawekwa nyingine. Hata funguo za kukazia zinabadilishwa. Shingo iliyojipinda kama parafujo hiyo hupati dawa yake kwa bei inayoeleweka, na freti zilizopandwa hovyo zitakugharimu fedha ya kununulia nusu ya gitaa lingine. Watu wanakuja dukani wanasikiliza pikapu, ambayo inabadilika, halafu shingo hawaiangalii.

Shika gitaa kama unalenga shabaha, jicho upande wa daraja, tazama shingo kwa urefu wake. Kingo zake mbili zinyooke pamoja. Upande mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, shingo imejisokota, rudisha ukutani. Kujipinda kidogo kwenda mbele ni sawa, na ndivyo inavyotakiwa: kandamiza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya mwisho kwa pamoja, angalia nafasi iliyobaki kwenye freti ya 7 au 8. Robo milimita hivi, unene wa karatasi chache. Ikizidi, kuna chuma ndani ya shingo cha kuikaza. Mwombe muuzaji akuonyeshe kinazunguka. Kikiwa kimeshakazwa mpaka mwisho na shingo bado imekunja, achana nalo.

Freti pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Kikikwaruzwa, ncha hazikupigwa msasa. Kisha chukua kadi ya benki, isimamishe kwa ukingo wake juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikicheza kama bembea, ya katikati imeinuka. Wengine watakucheka. Waache wacheke.

solo_la_pili
Haya yote sawa, lakini mtu huyu kauliza SAUTI. Sauti inatoka kwenye mbao. Gitaa zito la mbao ngumu lina mkia mrefu, jepesi linalia kikopo. Wazee wetu walijua hilo.

Bavaria_Mbongo
@solo_la_pili Gitaa la kwanza la umeme kuuzwa sokoni, lile la Rickenbacker la 1932, lilikuwa la alumini tupu. Danelectro miaka ya 1950 walikuwa wanatengeneza bodi za mbao za kubana, zile ngumu za kuzibia dari, na rekodi zimetoka nyingi tu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme unazaliwa kwenye waya. Haijui kama chini yake kuna mninga au ubao wa sanduku la nyanya.

solo_la_pili
Kwa hiyo mpingo na ubao wa sanduku ni sawa? Mnachekesha.

FundiWaFreti
Msigombane. Kwenye gitaa kavu mbao ndiyo spika, hapo hakuna ubishi. Kwenye la umeme lenye bodi nzima isiyo na tundu, pikapu, mahali pikapu ilipo, nyuzi na amplifaya vinasema kwa sauti kubwa kiasi kwamba mchango wa mbao ya bodi dukani hutausikia. Mpingo nao ni mti wetu na unasifika duniani kwa klarineti na zumari za okestra. Kwenye gitaa nauona zaidi kama ubao wa kuwekea freti, kwa sababu ni mgumu na hauliki na vidole. Mbao bora iende kwenye shingo. Shingo ndiyo inayopigana na nyuzi mchana na usiku.

Na hapa mwambao mbao inavimba kwa unyevu. Nimeletewa magitaa yaliyonunuliwa Dar yakapelekwa Dodoma. Mbao ikakauka, ikasinyaa, freti zikabaki zimetokeza pembeni zinakata vidole. Mwenye nalo anadhani kauziwa feki.

mama_besi
Kuhusu uzito niseme mimi, maana nyie mnaongelea mkia wa noti. Ibada yetu inachukua muda wa saa tatu nzima na sisi tumesimama. Magitaa mengine yana kilo tatu na nusu, mengine zile za umbo la Les Paul yanapita kilo nne. Dukani vaa mkanda, simama nalo robo saa, achia mikono. Kichwa cha gitaa kikishuka chenyewe, utakuwa unalishika shingo badala ya kulipiga. Wauzaji wakiona mwanamke wananiletea dogo la rangi ya waridi hata sijaomba. Nawaambia leteni lile la ukutani.

sebene_tu
Bandugu, salamu toka Lubumbashi. Naona wote mnapima gitaa na akodi za chini, G, C, D, kama watu wa Amerika. Mtoa mada ni mtu wa solo. Solo yetu iko wapi? Iko juu, kuanzia freti ya 7 mpaka 15 na kuendelea. Ukilipima kule chini tu, umepima gitaa la mwingine.

Franco na Docteur Nico, magwiji wetu wa gitaa huku Kongo, walipiga safi, bila distosheni ya kujifichia, na kila noti inasikika imekatwa. Muziki wa namna hiyo hausamehe. Dukani nenda juu, pikapu ya upande wa daraja, amplifaya safi, piga sebene yako unayoijua, mwendo uleule wa kanisani. Piga nyuzi mbili kwa pamoja, sauti za tatu tatu, ukipanda na kushuka. Kama gitaa lina ulinganifu mbaya, nyuzi mbili hizo zitagombana na hata mtoto atasikia. Uzi mmoja mmoja unaweza kudanganya. Mbili haziwezi. Angalia pia kama mkono unafika freti ya 17 bila kugonga bega la bodi.

Na kama unapiga ile tunaita mi-compose, uzi wa nne unatolewa, unawekwa mwembamba wa oktavu ya juu. Basi angalia tundu la uzi huo kule juu kwenye nati (kile kipande cha mwanzo wa shingo kinachoshika nyuzi), uzi mwembamba utacheza ndani ya tundu la uzi mnene.

FundiWaFreti
Hapo umesema lililo kubwa kuliko yote yangu. Naongeza moja linalotokea hukohuko juu: ukipiga nyuzi nene kwenye freti za juu ukasikia noti inayumba, kama ziko mbili zinakwaruzana, mara nyingi pikapu imepandishwa sana na sumaku yake inauvuta uzi. Mwombe muuzaji aishushe kwa skrubu za pembeni, nusu mzunguko kwa mara. Gitaa "bovu" linapona mbele ya macho yako. Wakati mwingine hilo ndilo lililokuwa "limelala".

Ukishachomeka, pitia kila nafasi ya swichi, zungusha kila nobu, tikisa waya kidogo kwenye jeki. Kukwaruza kwa nobu ni vumbi. Sauti kukatika ukigusa waya ni jeki au solda, dai itengenezwe kabla ya kulipa. Pikapu za koili moja zitavuma, mvumo wa umeme wetu wa 50Hz, hasa karibu na taa za dukani. Geuka ukiwa nalo, utaona mvumo unapungua upande fulani. Huo si ubovu, na hambaka ilibuniwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya kuufuta. Ukigusa nyuzi mvumo ukapungua, waya wa ethi umeungwa. Ukiongezeka, umeungwa vibaya au haupo.

Zungumza pia karibu kabisa na pikapu, "moja mbili". Sauti yako ikitoka kwenye spika, koili haikushikwa vizuri ndani, na jukwaani itapiga miluzi.

254_rizimu
Na feki? Hapa kwetu kuna "Gibson" za bei ya simu ya kawaida.

muuza_vyombo
Bei yenyewe inakujibu. Halafu angalia kile kifuniko kidogo kichwani, karibu na nati. Cha Gibson kinashikwa na skrubu mbili, feki nyingi zina tatu. Ila watu wanachanganya feki na jina la pili. Epiphone iko chini ya Gibson tangu 1957, Squier ni ya Fender, magitaa yake yanatoka tangu 1982. Hizo ni halali kabisa. Na gitaa lisilo na jina kubwa, shingo imenyooka, linaweza kumzidi mwenye jina. Nauza yote mawili, sina sababu ya kudanganya hapa.

FundiWaFreti
@MtuWaKwaya swali moja ambalo nilitakiwa kuanza nalo. Kanisani unachomeka wapi?

MtuWaKwaya
Kwenye mixer mkuu, moja kwa moja. Hatuna amplifaya ya gitaa.

FundiWaFreti
Basi sehemu kubwa ya utakachosikia Jumamosi haihusiki na kanisani kwenu, na ni heri ulijue sasa.

Pikapu ya gitaa ni dhaifu. Amplifaya ya gitaa inaipokea kwa upinzani mkubwa, megaohm 1 hivi, haiilemei. Mlango wa laini wa mixer ni kilohm kumi au ishirini tu. Pikapu inalemewa, zile sauti za juu zinazofanya solo ing'ae zinameng'enywa kabla hazijafika popote. Unapandisha nobu ya juu kwenye mixer kuzirudisha, unarudisha kelele. Pili, spika ya amplifaya ya gitaa ina kazi ya kukata: ikifika kilohezi tano hivi inaanza kushuka kwa kasi, na huko kushuka ndiko tunakokuita "sauti ya gitaa". Spika za kanisani zinapitisha kila kitu mpaka juu kabisa. Ukiweka distosheni hapo, kwaya nzima itakugeukia.

Kwa hiyo kwenye laki saba usitumie yote kwenye gitaa. Bakiza ya kiboksi cha DI, cha kuunganisha gitaa na mixer, aina ya aktivu (inayotumia umeme wake), yenye upinzani mkubwa upande wa gitaa. Ukiweza, chukua pedali ndogo yenye spika ya kuigiza ndani yake, hiyo inafanya kazi zote mbili. Gitaa la laki tano na kiboksi litalishinda la laki saba lililochomekwa kavu kwenye mixer. Na dukani omba ulisikie kwa njia hiyo, kiboksi mpaka kwenye spika ya kawaida. Wauzaji wengi wana mixer palepale.

mama_besi
Na kabla ya yote mtafuteni fundi umeme apime ethi ya jengo. Ukishika nyuzi, mdomo ukagusa maiki, ukarushwa, mara nyingi tatizo ni nyaya za jengo au chombo kilichochomekwa, wala si gitaa. Sisi ilitutokea na mtu alianguka. Msilichukulie kama mzaha.

solo_la_pili
Sasa kamati imetoa hela ya gitaa, yeye arudi na kiboksi? Mhasibu atamwelewa?

MtuWaKwaya
😂 Mhasibu ni shangazi yangu. Nitamchomekea asikilize mwenyewe.

Bavaria_Mbongo
Ongezeo dogo. Huku Ujerumani wengi tunaagiza Thomann, lile duka la vyombo la Treppendorf, na unapewa siku 30 za kurudisha. Ukilipima nyumbani kwako, kwa amplifaya yako, usiku, hakuna anayekutazama, masikio yanakuwa mengine kabisa. Hapo nyumbani hamna hiyo, lakini mtoa mada anaweza kumwomba muuzaji aandike kwenye risiti siku chache za kurudisha kama shingo itasogea. Mtu anayeamini bidhaa yake hakatai.

muuza_vyombo
Siku tatu naandika. Siku 30 mniache 😅

MtuWaKwaya
Wakuu, mrejesho. Sikwenda Jumamosi, nilikwenda Jumanne asubuhi kama alivyoshauri muuza_vyombo, duka lilikuwa tupu. Nimekwenda na waya wangu, kadi ya benki na simu yenye tyuna.

Lile jekundu nimeliangalia shingo kwanza. Kwa macho lilikuwa zuri tu. Kadi ilipofika kati ya freti ya 11 na 13 ikacheza, na nilipopiga kavu kumbe noti ya 11 kwenye uzi wa pili na wa tatu zilikuwa zinatoa mlio wa freti iliyofuata. Hayo juzi hayakusikika hata kidogo, mwangwi ulikuwa umefunguliwa. Lile lililolala nikamwomba ashushe pikapu, akashangaa, akashusha. Tukalinganisha nguvu ya sauti. Nikapiga sebene ya wimbo wetu wa sadaka, nyuzi mbili mbili, juu. Lilikuwa limenyooka mpaka freti ya 17.

Ila sikulichukua hilo pia. Palikuwa na la tatu la bei ya chini yao wote, jina silijui, rangi ya maziwa, hambaka moja upande wa daraja na pikapu mbili za koili moja, daraja lisilo na mkono wa kuyumbisha. Funguo zake laini mno kwa maoni yangu, moja inateleza. Shingo safi, freti zimetulia, ulinganifu ulikaa baada ya kugusa vitandiko viwili. Laki nne na nusu. Funguo nitabadilisha. Kwenye mixer ya dukani lilikuwa jembamba sana, tukapitisha kwenye kiboksi, likafunguka, hata muuzaji akasogea kusikiliza. Nimechukua vyote viwili na nyuzi seti mbili za unene namba kumi, na chenji nimerudisha kwa shangazi.

solo_la_pili
Hukuchukua Pacifica. Sawa, sisemi kitu.

sebene_tu
Weka sauti tusikie! Na utuambie nani anapiga rizimu, maana solo bila rizimu ya kushikilia ni kuimba peke yako.

mama_besi
Na besi?? Nyie watu.

MtuWaKwaya
Nitarekodi Jumapili. Wakuu swali la mwisho: kuna ndugu yuko Houston anataka kutupa amplifaya yake ya gitaa ya wati 40, kaitumia miaka. Inakuja kwenye kontena. Imeandikwa 120V. Nikipata kile kitransfoma cha madukani cha kushushia umeme, si inatosha?

FundiWaFreti
Inategemea kitransfoma. Wati 40 ni sauti inayotoka, siyo umeme inayokula. Nyuma yake kuna kibandiko chenye matumizi halisi, na kwa amplifaya za valvu yanaweza kuwa mara mbili, tatu au hata zaidi ya hapo. Chukua transfoma yenye uwezo unaozidi namba hiyo kwa nusu tena, ile ya koili nzito, siyo vile vidude vyepesi vya kupasia nguo safarini. Soma pia kama imeandikwa 50/60Hz au 60Hz peke yake. Ikiwa 60 peke yake, kwenye 50 yetu transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi, na kanisani watu wanapiga kwa muda mrefu. Amplifaya nyingine zina swichi au nyaya za ndani za kuhamishia kwenye 230, hapo hamhitaji transfoma ya nje kabisa, lakini afanye fundi, maana kapasita za ndani zinashika umeme hata ikiwa imechomolewa. Ikifika, kipige picha kile kibandiko cha nyuma ukiweke hapa kabla hujachomeka popote.